Siku moja maishani mwangu: mezani kwangu Mbuyuni, hakuna taa

Saa kumi na moja alfajiri. Gari la Tanga limeshateremsha mzigo. Nimejitanda kanga mbili, maana baridi ya Moshi mwezi wa saba haina adabu, nasubiri deli langu la samaki. Kijana wa mizigo ananiamkia, "Shikamoo mama," huku analisukuma deli kwa mguu. Salamu nimeipokea, mguu sijaupenda.

Saa kumi na mbili na nusu, sokoni Mbuyuni. Kabla sijapanga meza, nawasoma samaki. Changu aliyevuliwa kwa mshipi ana kitundu kwenye kona ya mdomo, na magamba yake yametulia. Wa wavu ana alama ya uzi nyuma ya mashavu, magamba yamepukutika pale alipobanwa. Kama wavu ulilala majini usiku kucha, ukimbonyeza tumbo kwa kidole, shimo halirudi. Simu ya kaka siihitaji, samaki mwenyewe ameshasema alivuliwa na nini.

Mimi mzaliwa wa Pangani, ndoa ndiyo iliyonileta Kibosho. Kaka yangu bado anavua huko, na ndiye anayenifungia mzigo.

Saa tatu anakuja mteja wangu wa Shanty Town, mpenzi wa taa, yule samaki bapa. "Taa huna siku hizi?"

"Sina, dada. Chukua kolekole."

"Kolekole! Mimi nataka taa wa nazi."

Namweleza, kama ninavyowaeleza wengine. Kwetu taa na papa wanavuliwa sana kwa jarife, wavu wa matundu makubwa unaotegwa jioni na kuachwa mpaka asubuhi. Jarife halichagui. Kasa akipita, linamshika vilevile, na kasa anavuta hewa kwa mapafu kama sisi. Akijilalia mwenyewe chini anaweza kukaa saa nyingi bila kupanda juu. Akinaswa anapapatika, na pumzi inamwishia mapema. Asubuhi mvuvi anapandisha mzoga. Kwenye mshipi mambo ni mengine: uzi uko mkononi, chochote kikishika unakijua papo hapo. Dema nalo, ule mtego wa kusuka, mlango wake ni mdogo, kasa mkubwa atapitia wapi?

Ambalo simwelezi ni kwamba miaka minne mfululizo niliagiza kilo ishirini za taa kila wiki, na kaka alitega jarife kwa ajili ya oda yangu. Wavu ulikuwa Pangani, lakini aliyekuwa anauvuta ni mimi, hapa hapa Mbuyuni.

Amenunua kolekole, uso umekunjamana.

Saa saba mchana anafika mpwa wangu anayesoma Chuo cha Wanyamapori Mweka. Wali maharage kwa mama lishe nalipa mimi, yeye analipa kwa maneno. Siku ya kwanza aliponiambia, "Mama mdogo, taa zinaokoa kasa," nilimuuliza taa samaki anamwokoaje kasa. Kumbe taa za kuwaka! Peru walifunga vitaa vya kijani kwenye nyavu za kutega. Katika matokeo yaliyochapishwa 2016, kasa wa kijani walionaswa walipungua kwa takriban asilimia 64, na samaki waliokusudiwa hawakupungua. Leo hadithi ni ndoana. Ya duara, ncha yake imeinamia ndani, hushika zaidi kwenye kona ya mdomo badala ya kushuka kooni. Hata chambo kina neno: ngisi kasa humbugia mzima mzima, ila samaki humng'ofoa kidogo kidogo, kwa hiyo ndoana haiingii naye kirahisi.

Saa tisa, saa kumi: nzi na barafu inayoyeyuka. Nimeuza robo tatu.

Saa moja usiku kaka anapiga. Jirani yake alipandisha ng'amba, aina ya kasa, kwenye jarife, kichwa kinaning'inia, wakataka kumtupa. Kaka akawakataza. Wakamweka chomboni kivulini, wakainua sehemu ya nyuma ili maji yatoke mapafuni, wakamfunika gunia bichi. Karibu na adhuhuri akapepesa jicho, wakamsubiri mpaka akachangamka, ndipo wakamrudisha majini. Kaka anasimulia kama aliyepata mtoto. Sisi tumekua tukitazama fungu la Maziwe, ambalo lilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wakitaga. Limebaki mchanga tu, maji yakijaa linazama.

Halafu sauti inashuka. "Dada, jirani ana taa kilo thelathini. Bei ya kutupa. Anauliza kama Moshi mtachukua."

Nikanyamaza. Ada ya muhula namdai baba watoto, naye ananidai mimi. Yule mama wa Shanty Town peke yake angebeba kilo tano.

"Nitakupigia," nikamwambia.

Saa nne usiku. Deli nimeliosha, nimelifunika kichwa chini uani. Sijapiga.