Slogani inapewa vikao, meseji ya muamala uliogoma anaandika nani?

Ukiniambia nichague kati ya kuandika slogani ya bango la barabarani pale Mwenge na kuandika ile meseji inayoingia muamala ukigoma, mi nachagua meseji. Hela iko kwenye bango, hilo halina ubishi, na kodi ya chumba hapa Tabata inalipwa na mabango. Ila bango mtu analipita na daladala, meseji anaisoma kasimama dukani kwa Mangi, watu wamejaa nyuma yake, anataka kujua kitu kimoja tu, hela yangu iko wapi.

Tangu M-Pesa iingie Bongo 2008 sidhani kama kuna maandishi yanayosomwa kwa umakini kama zile meseji, mtu hagusi gazeti mwaka mzima ila salio lake anasoma namba kwa namba. Halafu sikia kampuni zinavyoongea. Kwenye TV ni mshkaji wako, inacheza singeli, tatizo likitokea inageuka karani wa mahakama: "Ombi lako halikuweza kushughulikiwa kwa wakati huu." We mshkaji gani anaongea hivyo? Mi ningeandika "Hela haijatoka, bado iko kwako. Jaribu tena baada ya dakika 10." Basi. (Hizo dakika 10 muulize mtu wa IT, usitunge.)

Na ufundi upo, tena mwingi kuliko kwenye slogani. Meseji moja ni herufi 160, nafasi na nukta zimo humohumo, na ukituma kwa wateja wengi kampuni inalipia kila kipande, ukizidisha herufi moja tu umelipia viwili. Ukichomeka imoji hata moja nafasi inashuka mpaka 70. Kuna klayenti alitaka imoji ya moto kwenye meseji ya kila mteja, nikampigia hesabu, ule moto ukazimika palepale bila hata kikao.

Majina nayo yanakula bajeti kubwa. Tigo ilivyogeuka Yas 2024 na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, kitaa bado unasikia "nirushie kwa Tigopesa", na wala watu hawajagoma, ulimi umezoea tu. Jina ukishalitoa linakuwa la watu, watalitumia wanavyotaka wao. Meseji ndo bado iko mikononi mwako.

Shida ni kuiuza. Brifu inakuja Ijumaa jioni, unakesha, unapeleka mistari miwili, klayenti anauliza "yaani hii ndo laki tano?" Kisha invoisi inalala kwa mhasibu wee mpaka uisahau, ikitoka imekatwa kodi ya zuio asilimia 5, ile klayenti anakukata na kuipeleka TRA kwa jina lako (dai cheti chake, frilansa mwenzangu, ni hela yako hiyo kwenye mahesabu ya TRA).

Sa hivi kwenye kotesheni naweka mstari wake peke yake, meseji za mfumo. Wengi wakitaka punguzo wanaanza kukata huohuo. Saccos moja ya Mbagala haikuukata, nikakaa na dada wa huduma kwa wateja anisimulie watu wakipiga simu wanalalamika nini, kumbe wengi hata hawalalamiki, wanauliza tu kama rejesho lao limeingia. Ndo meseji tuliyoanza nayo.