Namba Nne na uso wake mtupu: kumbukumbu ya jedwali la manyoya, sehemu ya 6

Hatimaye nimeiomba radhi seli ya G14 kwenye jedwali langu la Excel. Wiki tatu nimeitukana, nimeifuta, nimeiandika upya, kumbe ilikuwa inapiga hesabu sawa tangu siku ya kwanza. Mwongo alikuwa karatasi ya ukoo.

Kwa aliyedandia njiani: natafuta mtoto wa mbwa chotara wa poodle na golden retriever, na badala ya kwenda kuchagua kwa macho kama watu wengine, nimetengeneza jedwali. Napachika jeni za baba na mama, lenyewe linatema uwezekano wa manyoya ya watoto. RSPO2 ni ya ndevu, KRT71 ya kujisokota, FGF5 ya urefu, MC5R ya kupukutika. F1 ni mtoto wa poodle na golden moja kwa moja; F1B ni mtoto wa F1 na poodle.

Uzao nilioukodolea macho ni wa watoto sita. Mama F1, baba "poodle kamili", kwa hiyo karatasi inasema F1B, robo tatu poodle. Niliutaka kwa sababu ya hesabu moja tu. Poodle ana nakala mbili za RSPO2 ya ndevu, na nakala moja inatosha kumwotesha mbwa nyusi, masharubu na ndevu. Mama akitoa nakala isiyo na ndevu, baba anafidia. Ndiyo maana G14, uwezekano wa uso mtupu, ilisoma sifuri. Si asilimia mbili, si moja. Sifuri.

Zikaja picha za wiki ya sita. Watano wana vile vinywele vinavyosimama juu ya pua kama mzee aliyeamka sasa hivi. Namba Nne hana. Pua safi, mashavu yamelala, miguu ya mbele laini, nywele ndefu ziko masikioni na mkiani tu. Golden mtupu, ila mweusi.

Nikaanza na fomula. Nilidhani nimegeuza safu za baba na mama, sikuwa nimegeuza. Nikaiambia kompyuta izalishe uzao 10,000 kwa bahati nasibu: hakuna hata mtoto mmoja wa uso mtupu. Nikachukua penseli nikachora miraba nyuma ya bahasha, jibu lile lile. (Na hapa niseme: Excel ni tamu, lakini inakubeba mgongoni mpaka unasahau kutembea. Ule mraba wa bahasha ndio ulionifanya niangalie nilichomwandikia baba, nikajiuliza: hizi nakala mbili nimezipata wapi? Nimezipata kwenye neno "poodle". Hakuna aliyempima.)

Kabla ya kumgusa baba nilimpima Namba Nne mwenyewe, na hapo nikajipotezea siku zangu bure. Majibu ya kwanza: ana nakala moja ya ndevu. Haiwezekani, uso ninao mbele yangu! Nikasoma maelezo ya kipimo, yale ambayo hakuna anayeyasoma: mtenge mtoto na mama yake kabla ya kupitisha kijiti cha pamba mdomoni. Mimi nilimchomoa kwenye chuchu. Nadhani nilipima mate ya mtoto pamoja na chembe za mama. Mara ya pili nikamtenga saa mbili, akalia saa mbili, na majibu yakaja: hana nakala hata moja.

Sasa, asiye na nakala amepokea "hapana" kutoka pande zote mbili. Mama ni F1, "hapana" anayo, karithi kwa golden. Na baba?

"Ndugu yangu, huyo ni poodle, mwangalie tu," akaniambia mfugaji. Nilimwangalia. Kipilipili kuanzia utosini hadi mkiani. Ila ndevu za nakala moja na ndevu za nakala mbili huwezi kuzitofautisha kwa macho. Tukampima. Nakala moja.

Mfugaji mwenyewe alishika kichwa. Dume alimnunua na karatasi zake. Alipompigia aliyemuuzia, ikatoka: dume ni F1B. Kwa hiyo uzao wangu si F1B, ni F2B, F1 kwa F1B. Wastani wa poodle unashuka kutoka 75 hadi 62.5 kwa mia, na G14 inaruka kutoka sifuri hadi 25. Uzao uliopita wa baba na mama hawa ulikuwa na watoto watano, wote wenye ndevu, na ndio uliomtuliza kila mtu. Lakini uwezekano wa kila mtoto kuwa na ndevu ni robo tatu, na robo tatu ukiizidisha yenyewe mara tano unapata 0.237. Karibu mara moja katika kila mara nne, siri kama hii inapita bila kuonekana.

Na hizo asilimia zenyewe, jamani. F1 peke yake ndiye nusu kwa nusu kweli. Kuanzia hapo ni wastani; ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kupishana mbali, mmoja singa na mwenzake kipilipili. Hata ile B inasema tu kwamba chotara karudishwa kwa upande mmoja wa wazazi. Tumezoea kudhani ni poodle.

Shemeji, anayepiga chafya akiona hata picha ya mbwa, aliuliza kama mbwa wa robo tatu poodle angemfaa. Nikamwambia kinachomsumbua kinatoka kwenye mate na ngozi pia. Watafiti wa Uholanzi walipopima mwaka 2012, manyoya ya poodle na labradoodle hayakuwa na Can f 1, protini ya mbwa inayoleta mzio, pungufu kuliko ya mbwa wengine. Aje akae na mtoto mwenyewe, amshike, asubiri.

Sehemu hii niliahidi iwe ya uzito wa mbwa. Haiwi. Mama mweusi, baba mweusi, na Namba Mbili na Namba Tano wametoka rangi ya aprikoti! Golden wote wana nakala mbili za MC1R, jeni ya rangi, ya aina isiyotoa weusi, kwa hiyo mama lazima anabeba moja. Baba naye kumbe anayo. Nimefungua safu ya tano na imekubali mara ya kwanza, jambo linalonitia wasiwasi. Kijiti kimoja kimebaki kwenye boksi. Kesho nampima Namba Mbili, na safari hii anatengwa kwanza.