Kumtengenezea Mwanangu Kichwa cha Treni Kisichotoka Tena Kiwandani

Kitu kinachopendwa kuliko vyote nyumbani mwetu hapa Reading, Uingereza, ni kichwa cha treni ya kuchezea chenye rangi ya buluu na pua ya manjano, kilichotengenezwa na kampuni ya Hornby miaka mingi kabla mwanangu hajazaliwa. Kilitufikia kikiwa tayari kizee, ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba, kutoka kwenye mauzo ya vitu vilivyotumika katika ukumbi wa kanisa. Ubavuni kina mchubuko mrefu, na kwenye ncha ya pua rangi imebanduka, bila shaka kwa kugongwa ukutani na watoto wa nyumba nyingine kabla ya wetu kupata zamu yake. Kilipoanza kukwamakwama, na hatimaye kikagoma kabisa huku kikitoa harufu ya kuungua, tulimwahidi mtoto kumnunulia kipya. Alikataa katakata, akataka kujua ni fundi gani anayetibu treni.

Kwa wasioifahamu, huu ni mfano mdogo wa treni ya InterCity 125, ambayo ilianza kubeba abiria mwezi Oktoba 1976 katika njia ya kutoka London Paddington kuelekea Bristol na Wales ya Kusini, yaani njia hiihii inayopita mjini kwetu. Namba 125 ni mwendo wake kwa maili, ambao ni sawa na takriban kilomita 201 kwa saa, na tarehe 1 Novemba 1987 treni ya aina hiyo ilifikia kilomita 238 kwa saa, rekodi ya dunia kwa treni za dizeli. Pua yake ilichorwa na Kenneth Grange, ambaye awali alikuwa ameombwa ashughulikie rangi tu, lakini akaona umbo lenyewe halipendezi na akaamua kulichora upya. Mtu huyohuyo ndiye aliyebuni umbo la mashine ya Kenwood ya kuchanganyia unga, na kwa maoni yangu vitu hivyo viwili ni ndugu kabisa ukivitazama ubavuni.

Mfano wetu umepunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 76.2, na hupita kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Ukiikuza reli hiyo kwa uwiano huo unapata takriban milimita 1,257, ambao si upana wa reli halisi ya Uingereza, yenye milimita 1,435 kama SGR za Kenya na Tanzania, wala si ule wa mita moja wa reli yetu ya zamani ya Afrika Mashariki. Ni reli ya nchi isiyokuwepo, na mwanangu hajawahi kulalamika.

Hornby bado wanatengeneza treni, na hata InterCity 125 wameitoa upya ikiwa na umbo sahihi zaidi, lakini toleo hili lenye mota kubwa ya duara, inayoitwa Ringfield, halitoki tena kiwandani. Hilo halimaanishi kwamba vipuri vimekwisha. Wako mafundi wadogo wanaoendelea kutengeneza kaboni (vijiti vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota), springi na mipira ya magurudumu, na vichwa vibovu huuzwa kwa bei ndogo ili vichinjwe kwa ajili ya vipuri. Iko pia njia ya mkato inayopendwa sana na wapenzi wa treni hizi: unatoa viungo vya ndani vya mota ya zamani na kupachika mota ndogo ya kuendeshea CD, ambayo inakwenda taratibu, haipati moto, na haipigi kelele.

Niliifikiria sana njia hiyo, kisha nikaiacha kwa sababu ya hilo la mwisho. Mota ya Ringfield inanguruma. Ukiongeza umeme hutoa mlio mkali unaopanda polepole, na mlio huo ndio mwanangu anaouiga kwa mdomo anapokuwa bafuni. Fundi anayerudisha kifaa kinachotembea vizuri zaidi lakini kilichopoteza sauti yake amekitengeneza kwa ajili ya nafsi yake, si kwa ajili ya mwenye mali.

Kukifungua si kazi. Ganda la plastiki limeshikiliwa na vishikizo vya pembeni, na ukilipanua kidogo kwa kucha linanyanyuka lenyewe. Mota iko pamoja na magurudumu yanayoendeshwa, giya zikiwa upande mmoja na kaboni upande wa pili. Kabla ya kugusa skrubu hata moja nilipiga picha kila upande, hasa njia ya nyaya, kwa kuwa zikibadilishwa nafasi kichwa hurudi nyuma kinapotakiwa kwenda mbele. Kuna pia kapasita ndogo iliyowekwa ili mota isiharibu mawimbi ya redio na televisheni za jirani. Wengi huikata na kuitupa, mimi nikaiacha mahali pake.

Ugonjwa ulionekana mara tu giya zilipokuwa wazi. Nywele ndefu na nyuzi za zulia zilikuwa zimejizungusha kwenye ekseli hadi zikawa kama bangili ngumu, na mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi ya rangi ya asali. Hapakuwa na kosa la kiwandani hapo. Ni miaka mingi ya kuendeshwa sakafuni. Mota inayolazimishwa kuzunguka katika hali hiyo hunywa umeme mwingi kuliko inavyostahili, na ndipo harufu ya kuungua ilipotokea. Nywele nilizikata kwa wembe mwembamba na kuzichomoa kwa kibano, unywele baada ya unywele, mwanangu akizipanga kwenye karatasi nyeupe na kukisia ni za nani. Giya nilizisugua kwa mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti safi. Yale mafuta ya kupuliza ya kulegezea nati zenye kutu, ambayo kila nyumba inayo, sikuyatumia, kwa sababu huacha utando unaokusanya vumbi upya.

Upande wa pili ndiko kuliko na roho ya mota. Kaboni mbili ndogo husukumwa na springi ili zigusane na vipande vya shaba vinavyozunguka, na kati ya kipande na kipande kuna mpasuo mwembamba. Unga wa kaboni ukijaa katika mipasuo hiyo, umeme huruka kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kupita kwenye nyaya za koili, na nguvu yote hupotea bure. Niliikwangua mipasuo kwa kijiti cha kuchokolea meno, nikaifuta shaba kwa pamba na spiriti hadi ikang'aa, bila kutumia msasa, kwani mikwaruzo ya msasa huzitafuna kaboni mpya. Kisha nikaipima kwa mita ya umeme kila jozi ya vipande vilivyo jirani. Namba zilipatana, maana yake hakuna koili iliyoungua, na hapo ndipo nilipothubutu kumwambia mwanangu kwamba mgonjwa atapona.

Kaboni zenyewe zilikuwa zimelika hadi kubaki nusu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia nyingine nene zisizoingia kwenye tundu, kisha akadai kwamba ndizo sahihi. Nikaziacha na kuagiza kwingine kwa mtu aliyeniuliza kwanza kipimo cha tundu. Kaboni inapaswa kuteleza kwa uhuru ndani ya nyumba yake, vinginevyo springi haiwezi kuisukuma kadiri inavyolika.

Baada ya hapo mota ilizunguka, lakini kichwa kilisimama palepale magurudumu yakiteleza. Pete za mpira zinazovishwa kwenye baadhi ya magurudumu zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama kucha. Pete hizo zina faida na hasara: zinashika reli vizuri, lakini gurudumu lililovishwa mpira haliwezi kupokea umeme kutoka relini, hivyo magurudumu yaliyobaki lazima yawe safi zaidi. Mpya nilizivisha kwa sindano butu, nikihakikisha hazijajikunja, kwa kuwa pete iliyojisokota hukifanya kichwa kichechemee kila mzunguko. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kila ncha ya ekseli, grisi kidogo kwenye giya, basi.

Mke wangu alishauri tukipake rangi mpya, maana pua ile inatia huruma. Mwenye mali alipoulizwa alifunika pua kwa kiganja. Mchubuko ukabaki, nami nimeridhika, kwa sababu kukitengeneza kiungo kilichochoka ni jambo moja, na kufuta alama ambazo mtoto anazitumia kukitambua chake ni jambo jingine kabisa.

Kinachojadiliwa sasa ni kichwa cha nyuma, ambacho tangu kiwandani hakikuwekewa mota. Mwanangu amegundua kwamba treni halisi ina injini katika vichwa vyote viwili, kila moja ikiwa na nguvu farasi 2,250, na anadai haki itendeke. Nimemweleza kwamba mota mbili zilizochakaa kwa viwango tofauti huvutana badala ya kusaidiana, moja ikitaka kwenda na nyingine ikiwa breki. Ameelewa, kisha akasema tutafute iliyochakaa vilevile.