Glakoma: damu inaweza kusema nini?

Kipimo cha damu cha glakoma hakipo. Tuliseme wazi kwanza, kwa sababu wagonjwa wanaulizia na wengine wanakitolea pesa. Ugonjwa huu, unaoua polepole neva inayopeleka picha kwenye ubongo, bado unatafutwa kwenye jicho lenyewe: presha ya ndani ya jicho, hali ya neva hiyo, na upana wa eneo unaloliona bila kugeuza macho.

Hata hivyo presha haimalizi hadithi. Wapo wanaopofuka taratibu presha ya jicho ikiwa chini ya milimita 21 za zebaki, na wapo wanaoishi na 25 miaka mingi bila neva kudhurika. Kwa nini neva ya huyu inakufa na ya yule inavumilia? Swali hilo ndilo linalowapeleka watafiti kwenye damu.

Fununu yenye nguvu zaidi, kwa maoni yetu, ni ya nishati. Seli za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) zinazopeleka picha kwenye ubongo zina nyuzi ndefu na zinahitaji nishati nyingi, na nishati hiyo inategemea NAD, molekuli inayosaidia seli kuzalisha nishati, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini B3. Mwaka 2017 panya wenye glakoma walipewa vitamini hiyo, nikotinamidi, na neva zao zikalindwa. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa wakakuta nikotinamidi imepungua kwenye plazma (sehemu ya majimaji ya damu) ya wagonjwa. Mwaka 2024 ikaonekana London kwamba wagonjwa ambao chembe zao nyeupe za damu zinatumia oksijeni kidogo, macho yao huharibika kwa kasi zaidi.

Kiashiria kingine ni protini ya nyuzi za neva, NfL, inayovuja nyuzi zikivunjika. Shida yake ni kwamba hupanda pia kwa uzee, kwa ugonjwa wa figo, na kwa kisukari kilichokwisha gusa neva za miguu. Ikipanda, hujui ni neva ipi inayolia.

Homosisteini, asidi amino iliyomo kwenye damu, nayo imepimwa mara nyingi kwa wagonjwa wa glakoma, na majibu yanapingana. Sababu mojawapo iko kwenye tyubu. Chembe nyekundu zikishatolewa mwilini bado zi hai, zinaendelea kuitengeneza, na kwenye joto la chumba kiwango hupanda kwa takriban asilimia 10 kila saa. Mtu mwenye mikromoli 12 kwa lita, tyubu yake ikikaa mezani saa tatu, majibu yatasoma zaidi ya 15 na ataambiwa ana tatizo. Kwa hiyo: tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau, iwekwe kwenye barafu papo hapo, izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa moja, plazma itengwe na chembe. Na kabla ya kulaumu jicho, pima B12, foleti na figo.

Tafadhali usijinunulie vidonge vya B3. Majaribio yanafika gramu 3 kwa siku, zaidi ya mara 150 ya mahitaji ya kawaida, na dozi hiyo inaweza kuumiza ini, washiriki hufuatiliwa.

Utafiti wa Kongwa, Tanzania, uliotolewa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Ukiwa umefika umri huo, hasa kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, nenda upimwe presha ya macho, na uombe mboni zipanuliwe ili neva itazamwe.