Nilivyoandika wasifu wa meneja wetu

Mjane wake alinipigia simu usiku, sauti imekauka. "Shemeji, wasifu utaandika wewe. Ndiye uliyekaa naye sana." Sikuweza kukataa. Nilipiga gitaa la besi kwa miaka 26 katika bendi aliyoisimamia, na muda wote huo tulimwita Meneja tu. Hata wanawe walimwita hivyo.

Usiku uleule nilijaza kurasa tatu. Asubuhi nilipozisoma nikazichana. Mchapakazi, mpenda watu, nguzo ya muziki: maneno hayo yangemfaa marehemu yeyote, na huyu hakuwa yeyote.

Mwanamuziki akifariki, nyimbo zake zinabaki zikimsemea. Meneja hana wimbo. Akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachoonekana: gari limefika mapema, promota ametoa nusu ya malipo kabla vyombo havijashushwa, mwimbaji aliyekuwa amefunga mabegi ameyafungua. Brian Epstein ni mmoja wa mameneja wanaotajwa sana, na bado watu humkumbuka zaidi kwa siku moja ya Novemba 1961 alipoteremka ngazi za Cavern Club, Liverpool, kuwasikiliza The Beatles, bendi ya Uingereza aliyokuja kuisimamia. Alifariki Agosti 1967 akiwa na miaka 32. Katikati hapo kulikuwa na miaka karibu sita ya barua, ratiba na mabishano ya pesa, na hayo ni wachache wanaoyasimulia. Mimi nilitaka kusimulia hayo ya katikati.

Nikaanza kupiga simu. Mwanzoni niliuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" nikarudishiwa sifa zilezile nilizozichana. Nikabadilisha swali: "Mara ya mwisho alikupigia kuhusu nini?" Hapo watu wakafunguka. Fundi mitambo alisema aliulizwa kama sikio lake la kushoto limepona. Dereva wetu wa zamani alisema Meneja alimtafuta kumpa pesa za safari moja ambayo dereva mwenyewe alikuwa ameshaisahau. Niliwapigia watu 11, na hakuna hata mmoja aliyenisimulia jambo kubwa. Nilishukuru sana kwa hilo.

Kumbukumbu zao ziligongana kwenye tarehe, kwa hiyo nikaomba daftari zake. Shemeji akanitolea katoni mbili. Kila onyesho lilikuwa na ukurasa wake, mstari umepigwa katikati kwa rula: kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka, chini mgawo wa kila mmoja wetu. Asilimia yake, ambayo kwa mkataba ilikuwa 20, aliikokotoa baada ya kuondoa gharama, wakati mkataba wenyewe ulimruhusu kuikata juu kabisa, kabla ya mafuta na malazi kulipwa. Kwenye maonyesho yaliyotutia hasara, mbele ya jina lake kulikuwa na kistari tu. Hatukuwahi kujua. Watu wakisikia neno meneja humfikiria Colonel Tom Parker, aliyefikia kuchukua nusu ya mapato ya mwimbaji wake, Elvis Presley, na ni kweli wapo wa namna hiyo. Ndiyo maana niliona ni haki hesabu hizi zisomwe hadharani.

Ndani ya katoni ya pili nikakutana na mkataba wetu wa kwanza wa kurekodi, na hapo nikakwama siku mbili nzima. Mkataba ule ulitunyang'anya haki ya rekodi zetu za mwanzo bila kikomo cha muda, na aliyetushauri tuusaini ni yeye. Kifungu kile kilikuwa kimezungushiwa kalamu ya risasi mara nyingi hadi karatasi imechanika. Je, nikitaje mbele ya wanawe? Nilikwenda kumuuliza shemeji ana kwa ana. Aliutazama mkataba, akasema, "Kiandike. Kila alipokwenda kusaini kitu alikuwa anautoa kwanza anausoma. Ukikificha hicho, kazi aliyoifanya baadaye haitaeleweka."

Alikuwa sahihi. Baada ya kosa lile Meneja alijifundisha sheria za haki miliki peke yake. Ndiye aliyetueleza kwamba wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi yenyewe. Tangu hapo hatukuruhusiwa kutoka studio kabla ya kusaini karatasi ya mgawo: nani katunga nini, asilimia ngapi, na jumla ni lazima iwe 100. Tulichoka, tulinuna, tulitaka kulala. Yeye alisimama mlangoni na kalamu. Mpiga drams wetu alitangulia miaka mingi iliyopita, na watoto wake hadi leo wanapokea mirabaha, yaani malipo ya nyimbo zinapotumika, kwa sababu ya zile karatasi. Sehemu hii niliipa nafasi kubwa kuliko zote. Shule alizosoma nikazimaliza kwa sentensi moja.

Nilisoma kwa sauti nyumbani, saa mkononi. Dakika 14. Nikakata hadi 7, nikianza na kila sentensi iliyonihusu mimi zaidi yake. Siku yenyewe sauti ilinikatika mara moja tu, kwenye vile vistari.

Baada ya watu kutawanyika shemeji alinipa daftari la mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina matano ya wanaodaiwa mirabaha yetu, matatu yamewekewa alama ya vema. Kesho yake nilipiga simu kwa wawili waliobaki. Mmoja amelipa. Wa pili ameniambia nimpigie Jumanne.