Siku Bima Ilipokubali Huzuni, Ikakataa Pombe

Karani wa kliniki aliigeuza karatasi ya majibu ya bima ili na mimi niione, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa kwanza. "Huu umepita." Kalamu ikashuka. "Huu umegoma."

Mstari uliopita ulianza na F32, uliogoma ulianza na F10. Dada alikuwa amekwisha kumuuliza daktari maana yake: F32 ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, F10 ni pombe. Ni misimbo ya magonjwa inayotumika katika hospitali za nchi nyingi, na yote miwili imo katika sura moja, ile ya magonjwa ya akili na tabia, kurasa chache tu kati yake. Bima yangu ilikuwa imepitisha panga kwenye kurasa hizo.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya 19 tangu nilipokunywa mara ya mwisho. Mimi sikuwa nahesabu. Dada ndiye aliyekuwa akiandika namba kila asubuhi nyuma ya daftari lake, bila kunionyesha.

Sikuwa nimelazwa. Siku ya kwanza daktari aliuliza maswali matatu kabla ya kukubali nitibiwe nikitokea nyumbani: nimewahi kupata degedege nilipoacha kunywa? Nimewahi kuona vitu ambavyo wengine hawavioni? Kuna mtu asiyekunywa atakayekuwa nami usiku na mchana? Mawili ya kwanza nilijibu hapana. La tatu dada alilijibu kabla yangu: "Nipo." Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba mtu aliyezoea kunywa kila siku, akikata ghafla, anaweza kuanguka degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kwamba kuna weweseko linalokuja baadaye kidogo, siku ya pili hadi ya nne, linaloweza kuua. Mimi niliyekuwa nikidhani arosto, yale mateso ya kukosa kilevi, ni ya watu wa unga! Ya kwangu niliipa jina la uchovu, nikaitibu kwa kuzimua kila alfajiri.

Basi siku tano za mwanzo nilikwenda kliniki kila asubuhi. Muuguzi aliniambia ninyooshe mikono mbele, atazame vidole vinavyocheza. Akapima presha, akashika kiganja kuona jasho, akauliza leo ni tarehe ngapi. Nikapigwa sindano ya vitamini B1, dada akapewa diazepamu ya kutosha kufika kesho tu, kila siku pungufu kuliko ya jana. Vidonge vilikaa kwenye mkoba wake na mkoba alilala nao. Siku hizo tano alizilipa yeye, taslimu. Bima hutaka iombwe idhini kwanza, na mikono yangu isingeweza kusubiri idhini.

Baada ya hapo ndipo tiba yenyewe ilipoanza: siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa tatu kila siku, kwanza kikundi halafu mnasihi peke yangu. Na kidonge kimoja cha naltreksoni kila asubuhi, miligramu 50. Hakikutapishi ukinywa pombe, tofauti na ile dawa ya zamani ambayo watu huitania. Hiki kinaipokonya pombe utamu wake, unabaki unakunywa kitu kisichokujibu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Ijumaa yangu ilikuwa kabla ya hapo, na kampuni ya bima haikukosa la kusema.

"Mkataba hauhusu madhara ya kujitakia," karani alisoma.

Kujitakia. Dada alilirudia neno hilo polepole kama mtu anayeonja chumvi. Alitaka kubishana. Mimi, nitasema ukweli kwa sababu sasa haunigharimu kitu, nilisikia kifua kinafunguka. Nilifurahi. Mwili ulifurahi kabla yangu. Hela imekataliwa, hatuna uwezo, tumejaribu, Mungu ameona. Nilikwisha kujua nitapinda wapi tukitoka getini, na nitakaa kiti gani.

"Umefurahi," dada akasema. Hakuwa anauliza.

Sikujibu. Tulikwenda kukaa kwenye benchi la ukutani, karatasi ikiwa juu ya magoti yake.

Kilichonikera zaidi ni upumbavu wa ule mgawanyo. Wiki moja kabla, daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba hawezi bado kujua kipi kilimzaa kipi. Pombe yenyewe huleta huzuni, alisema, na kwa watu wengi huzuni hiyo hupungua yenyewe wiki tatu nne baada ya kuacha. Kwa wengine inabaki palepale, ndipo unajua ilikuwepo tangu mwanzo. Aliandika yote mawili kwa sababu yote mawili alikuwa akiyaona. Daktari mwenye miaka yake kazini anasubiri wiki nne atofautishe, na mtu asiyewahi kuniona ametofautisha ndani ya siku mbili.

Karani alikuja pale benchini akijifanya anapita. Aliinama. "Daktari akiandika F32 peke yake," alisema kwa sauti ya chini, "yote inapita." Akaendelea na safari yake.

Hapo na dada mwenyewe aliyumba, nilimwona. Mimi nilishasimama. Si kwa ajili ya hela tu. Nilitaka lile faili libaki na huzuni peke yake. Huzuni ina heshima. Mtu wa utumishi akiisoma atakuonea huruma, atakuuliza nyumbani wazima. F10 ataisoma na kukumbuka Jumatatu zote ambazo hukufika kazini.

Daktari alikataa bila hata kukaa. Alisema hawezi kuandika nusu ya mgonjwa. Kisha, alipoona sura yangu, akaeleza kwa upole zaidi: siku moja nitafika kwa daktari mwingine sipati usingizi, atafungua faili, ataona huzuni, atanipa vidonge vya usingizi vya kwenda navyo nyumbani. Akijua kuna pombe atafikiri mara mbili, maana viwili hivyo vikikutana tumboni, pumzi inaweza kusimama. "Huo mstari unaouonea aibu ndio unaokulinda," alisema. Aliahidi kuandika barua ya rufaa jioni ileile. Jibu lake, alituonya, lisingekuja jioni ileile.

Tukarudi benchini. Bili ilidai mwezi mzima kwa mkupuo, na mwezi mzima ulikuwa zaidi ya nusu ya mshahara wangu, mshahara wenyewe ukiwa tayari na wenyewe.

Kwenye kikundi tulishafanyishwa lile zoezi la kuandika pombe imekula kiasi gani kwa mwaka. Kila mtu alipiga mluzi kwa namba yake. Mimi zoezi hilo halikuwahi kunisaidia kitu. Namba niliijua, ilinitia aibu, na aibu niliitibu kwa njia niliyoizoea. Dada hakuniuliza namba. Aliuliza kitu kingine.

"Ulikuwa unailipaje?"

"Nini?"

"Pombe. Ulikuwa unalipa mwezi mzima kwa mpigo?"

Nilicheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Nani analipa pombe kwa mwezi? Unalipa ya leo. Ukikosa, unaandikwa kwenye daftari, unalipa kesho, unakunywa tena. Hakuna baa iliyowahi kunijazisha fomu.

"Basi na hii tuilipe hivyohivyo," akasema, akasimama.

Mwisho wa korido kulikuwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Mlango ulikuwa wazi muda wote huo na hakuna aliyetuelekeza. Mama aliyekuwa ndani alikuwa na mafua, alitusikiliza akijifuta pua, na alikuwa ameisikia hadithi yetu mara nyingi kuliko sisi. Vikao vya mnasihi peke yangu, alisema, vinagusa sonona kwelikweli, kwa hiyo vibaki upande wa bima bila uongo wowote. Kikundi ni nafuu kwa sababu mnasihi mmoja anagawanywa kwa watu kumi. Hicho tulipe wenyewe, kila siku tukifika. Vidonge si lazima kununua vya mwezi. Aliandika kikaratasi, akagonga muhuri, akatupa.

Karani alikisoma kikaratasi, akanitazama, akapotea kidogo, akarudi na bahasha ndogo ya kaki. Alivihesabu vidonge juu ya meza kwa ncha ya kalamu ileile: saba. Dada alilipa. Tulipotoka getini nilipinda upande wa nyumbani. Sitaki kusema ilikuwa ushujaa. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili, na mkono wangu alikuwa ameushika.

Jibu la rufaa lilikuja baada ya wiki saba. Vikao vyote wamekubali, vidonge wamekataa. Kufikia wakati huo nilikuwa nakwenda mwenyewe dirishani, kwa hela yangu, dada akiwa kazini kwake. Karani hakuwa ananiuliza tena kadi. Aliniona nikiwa bado kwenye foleni, akainua uso.

"Saba?"

"Saba."