Siku saba za mwanzo na kifungua mimba wangu

Nilipokuwa mjamzito kwa mara ya kwanza, nilijiandaa vizuri kwa ajili ya uchungu. Nilianza kliniki kabla ya wiki ya 12, nikameza vidonge vya kuongeza damu hata viliponifunga choo, nikanywa dawa ya SP ya kuzuia malaria mbele ya muuguzi kila nilipopewa, na nikalala ndani ya chandarua chenye dawa. Mjamzito anayenisoma ayashike hayo yote. Ila wiki inayofuata baada ya kujifungua sikuwa nimejiandaa nayo hata kidogo, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa urefu.

Nilijifungua alfajiri, hapa Tanga, mtoto akiwa na kilo 3.1. Mkunga alimkausha, akamlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, akatufunika kwa kanga, na kabla saa moja haijaisha mtoto alikuwa ananyonya. Maziwa yaliyotoka yalikuwa matone tu, mazito na ya njano. Wapo wanaoyaita machafu na kumshauri mzazi ayakamue ayamwage. Nakusihi usikubali, kwa sababu yamejaa kinga ya mwili, na uchache wake unalitosha tumbo la mtoto ambalo siku hiyo ni dogo mno. Maziwa mengi hushuka baadaye, aghalabu kati ya siku ya 2 na ya 4.

Usiku wa siku ya tatu ndipo nilipoishiwa nguvu. Mtoto alinyonya, akalala dakika chache, akaamka akilia, na chuchu zangu zilikuwa zimechanika hata kanga ikizigusa natokwa na machozi. Jirani yetu, kwa nia njema kabisa, alileta maji ya glukosi kwenye chupa. Mama akaniambia, "Mwanangu, labda maziwa yako hayamtoshi." Nilikaribia kukubali.

Asubuhi tulikwenda kliniki. Muuguzi aliyetupokea hakunilaumu wala hakuharakisha. Alivuta kiti, akaniomba ninyonyeshe, akatazama. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya chuchu peke yake. Akanionyesha namna ya kumgeuza ili tumbo lake liguse langu, sikio, bega na nyonga vikae katika mstari mmoja, na pua ielekee chuchu. Kisha nisubiri mpaka afungue mdomo wazi kama anayepiga mwayo, ndipo nimvute yeye aje kwenye ziwa badala ya mimi kumwinamia. Sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu iliingia mdomoni, mdomo wa chini ukapinduka kwa nje, kidevu kikagusa ziwa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimeza. Maumivu yakapungua palepale. Ukiona bado inauma, pitisha kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo wake ili aachie, kisha uanze upya, hata ikiwa ni mara ya tano.

Kilio peke yake hakithibitishi kwamba maziwa ni machache. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na kupungua uzito kidogo katika siku za mwanzo ni kawaida. Hesabu nepi: kuanzia siku ya 5 hivi, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24 zinaonyesha kwamba anapata maziwa ya kutosha, na choo chake, ambacho mwanzoni ni cheusi kama lami, kinapaswa kuwa kimegeuka njano. Maji, glukosi na maji ya dawa ya tumbo havihitajiki mpaka atimize miezi 6.

Kitovu kiache kikavu na wazi, nepi ifungwe chini yake, na mtu yeyote asipake majivu, mafuta wala mate, hata awe mkubwa kiasi gani katika ukoo. Uwekundu unaosambaa, usaha au harufu mbaya ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mtazame pia kwenye mwanga wa mchana kama macho na fizi vina umanjano. Ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika viganjani na nyayoni, au mtoto akiwa mlegevu na hataki kunyonya, mpeleke bila kungoja, kwani kumwanika juani si tiba.

Na wewe mzazi, usijisahau kwa sababu kila mgeni anakuja kumwona mtoto. Pedi inayolowa damu chapachapa ndani ya saa moja, homa, kichwa kinachouma sana pamoja na kuona maluweluwe, vyote vinakutaka hospitali mara moja, maana kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Sisi tuliandika namba ya dereva wa bajaji wa mtaani nyuma ya kadi ya kliniki, tukakubaliana naye mapema kwamba tukimpigia saa nane za usiku atakuja, na nauli yake tukaiweka ndani ya bahasha chini ya mto wangu.